Ore na Ñande: Kiguarani cha Paraguay na swali la lugha za taifa

Katika masomo ya isimu-jamii tunazoea kusema kwamba lugha ya mtawala hushinda na lugha ya mtawaliwa hurudi nyuma, kwanza ofisini, kisha sokoni, mwishowe nyumbani. Amerika ya Kusini inaonekana kuthibitisha jambo hilo, kwa kuwa sehemu kubwa ya bara hilo inasema Kihispania au Kireno. Lakini iko nchi moja ambapo hata wazao wa watawala wanasema lugha ya waliotawaliwa. Nchi hiyo ni Paraguay, na lugha hiyo ni Kiguarani.

Katika makala hii ninaeleza kwa ufupi nchi hiyo ilivyo na njia ambayo historia yake ilipita, kisha ninaitazama lugha yenyewe na hali yake ya leo. Ninataka kuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba Kiguarani hakikuokolewa na sheria. La pili ni kwamba lugha iliyookoka inaweza nayo kumeza lugha nyingine. Hili la pili ndilo linalotuhusu zaidi sisi Wakongo.

1. Nchi na mto wake

Paraguay haina bahari. Imezungukwa na Brazili, Ajentina na Bolivia. Eneo lake ni kilomita za mraba 406,752, karibu sehemu moja ya sita ya Kongo, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 6 na kidogo. Mto Paraguay unatoka kaskazini kwenda kusini na kuigawa nchi pande mbili zisizofanana. Upande wa mashariki kuna mvua, udongo mwekundu, mashamba na miji. Huko ndiko uliko mji mkuu, Asunción, na ndiko wanakoishi karibu watu wote. Upande wa magharibi ni Chaco, nchi tambarare ya vichaka vya miiba, ambayo hukauka kabisa wakati wa kiangazi na kujaa maji mvua zikinyesha. Chaco ni kama asilimia 60 ya ardhi yote, lakini watu wake ni wachache sana. Msomaji aukumbuke mgawanyo huu, kwa sababu nitaurudia katika sehemu ya tano.

Mezani, Mkongo asingejiona mgeni sana huko. Muhogo, ambao Kiguarani huuita mandi'o, huchemshwa na kuliwa karibu kila siku, na wanga wake huchanganywa na jibini na mayai na kuokwa mkate mdogo uitwao chipa. Bugali wetu wa muhogo na sombe yetu vina asili katika bara hilo: Wareno ndio walioleta mmea huo Afrika, kuanzia karne ya 16. Kinywaji cha Waparaguay ni terere, majani ya yerba mate yaliyotiwa maji baridi. Kikombe ni kimoja na huzungushwa kwa wote waliokaa pamoja.

2. Ushemeji, misheni na vita

Asunción ilianzishwa mwaka 1537. Wahispania waliofika walikuwa wachache, wengi wao wanaume, na hawakukuta dhahabu waliyoitafuta. Waguarani waliwapokea kwa desturi yao: mgeni hupewa mke, naye huwa tovaja, yaani shemeji. Kwao shemeji ni mtu wa kusaidiana kazi na vita. Wahispania waliitumia desturi hiyo kwa namna nyingine. Walijikusanyia wanawake wengi na kuwafanya mashemeji kuwa watumishi, na baada ya muda mfupi ushemeji uligeuka kuwa kazi ya lazima. Hatupaswi kuipamba habari hii. Hata hivyo kwa upande wa lugha matokeo yake ni wazi. Mtoto alilelewa na mama Mguarani, akasema lugha ya mama. Domingo Martínez de Irala, gavana wa koloni, aliwataja watoto wake wa mama Waguarani katika wasia wake wa mwaka 1556. Watoto wa aina hiyo ndio waliokuja kuwa wenyeji wa mji, na walisema Kiguarani.

Kuanzia mwaka 1609 Wajesuiti walianzisha misheni zao, ambazo hatimaye zilifika 30 katika nchi ambazo leo ni Paraguay, Ajentina na Brazili. Huko mafundisho yalitolewa kwa Kiguarani. Antonio Ruiz de Montoya alichapisha kamusi kubwa ya lugha hiyo huko Madrid mwaka 1639, na sarufi mwaka 1640. Baadaye misheni zilikuwa na mtambo wao wa kuchapia, na mwaka 1724 ulitoka kitabu cha katekisimu kilichobeba jina la Mguarani, Nicolás Yapuguay. Mwaka 1767 mfalme wa Hispania aliwafukuza Wajesuiti, misheni zikadhoofika, lakini maandishi yalikuwa yamekwisha kuwapo.

Uhuru ulipatikana mwaka 1811. Mtawala wa kwanza aliyedumu, José Gaspar Rodríguez de Francia, aliyetawala kuanzia 1814 hadi 1840, aliifunga mipaka na kuwazuia Wahispania kuoa wanawake weupe. Kwa hiyo halikukua kundi kubwa la matajiri wa Kihispania lenye kujitenga na watu.

Halafu vikaja vita. Kati ya 1864 na 1870 Paraguay ilipigana na Brazili, Ajentina na Uruguay kwa pamoja. Wanahistoria hawakubaliani juu ya hesabu ya waliokufa, ila wote wanakubali kwamba wanaume wengi mno walikwisha, hata nchi ikabaki mikononi mwa wanawake na watoto. Katika vita hivyo serikali ilichapisha magazeti yenye Kiguarani ili kuwatia askari moyo, kama vile Cabichuí la mwaka 1867. Baada ya kushindwa, wakubwa wapya waliona Kiguarani kuwa dalili ya ushamba na kukikataza shuleni. Lakini katika vita vya Chaco dhidi ya Bolivia, 1932 hadi 1935, jeshi lilikihitaji tena, kwa sababu adui hakukielewa. Lugha iliyofukuzwa darasani ikawa lugha ya siri ya taifa.

3. Lugha yenyewe

Kwa mwanafunzi wa lugha za Kibantu, Kiguarani kina mambo ya kufurahisha. Nataja mawili tu.

Jambo la kwanza ni wakati kwenye nomino. Sisi tumezoea kuweka wakati kwenye kitenzi: nilijenga, nitajenga. Kiguarani huweza kuuweka pia kwenye jina. Nyumba ni óga. Ukiongeza -kue unapata ogakue, kilichokuwa nyumba, kwa mfano gofu. Ukiongeza -rã unapata ogarã, kitakachokuwa nyumba, kwa mfano kiwanja kilichochorwa msingi. Kiswahili husema hayo kwa maneno kadhaa, wao kwa silabi moja.

Jambo la pili ni "sisi". Kiswahili kina sisi moja tu. Kiguarani kina mbili. Ñande ni sisi pamoja na wewe unayesikia. Ore ni sisi bila wewe. Mkristo anayesali humwambia Mungu Ore Ru, Baba yetu, kwa maana Mungu anayeambiwa hayumo katika hesabu ya watoto. Lakini watu wanaposema wao kwa wao juu ya Baba wa asili wa dini ya Waguarani, husema Ñande Ru, kwa maana ni baba wa anayesema na wa anayesikia. Kwa hiyo msemaji wa Kiguarani hawezi kutamka neno "sisi" bila kuamua kwanza nani yumo na nani hayumo.

4. Sheria na soko

Katiba ya mwaka 1967 ilikiita Kiguarani lugha ya taifa, lakini Kihispania peke yake kikabaki lugha rasmi. Msomaji Mkongo anaijua hali hiyo: Katiba yetu ya mwaka 2006 inakitambua Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Paraguay ilipiga hatua nyingine mwaka 1992, baada ya utawala wa Jenerali Stroessner kuanguka mwaka 1989. Katiba mpya ilizifanya lugha zote mbili kuwa rasmi, na sheria ya lugha ikafuata mwaka 2010. Tangazo hilo lilikuja zaidi ya miaka 450 baada ya Asunción kuanzishwa. Sheria ilikikuta Kiguarani kiko hai; haikukifufua.

Shuleni kulizuka tatizo jipya. Kiguarani kinachofundishwa kilisafishwa maneno ya Kihispania. Kwa hesabu, lugha ya zamani ilikuwa na majina ya namba chache za mwanzo, na tano ikaitwa po, yaani mkono. Wataalamu wakaunda poteĩ kwa sita, pokõi kwa saba, na kuendelea. Mtoto hukariri namba hizo darasani, kisha sokoni hulipa na kudai chenji kwa namba za Kihispania. Tusiwacheke. Ni wangapi kati yetu wanaotaja bei kwa Kiswahili mpaka mwisho bila kuingiza Kifaransa?

Lugha ya kila siku ni ile ya mchanganyiko, nayo huitwa jopara. Jina hilo ni la chakula pia: mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja, ambayo kila familia hujitahidi kula tarehe 1 Oktoba ili kumfukuza Karai Octubre, mzimu wa njaa ambaye hupita nyumba kwa nyumba kutazama nani ameweka akiba. Waalimu wengi huidharau jopara ya mdomoni. Kwa maoni yangu hapo wanakosea. Mtoto akiambiwa kwamba Kiguarani cha mama yake si Kiguarani, na Kihispania chake si Kihispania, anabaki bila lugha ya kuandikia.

5. Upande wa pili wa mto

Sasa nirudi Chaco. Paraguay ina makabila 19 ya wenyeji wa asili, yenye lugha za jamii 5, na Kiguarani ni cha jamii moja tu kati ya hizo. Watu hao wote kwa pamoja ni kama 140,000, asilimia 2 na kidogo ya raia. Hapa ndipo sifa za Kiguarani zinapoingia doa.

Waangaité na Wasanapaná wa Chaco wengi wao wameacha lugha zao. Lugha ya Waguaná imebaki na wazee wachache sana. Na hawakuhamia Kihispania, walihamia Kiguarani. Kando ya mto Paraguay vilijengwa viwanda vya kutoa tanini ya kulainisha ngozi kutoka kwenye mti wa quebracho. Wenyeji waliitwa kazini, msimamizi alisema Kiguarani, na watoto waliozaliwa kambini wakakikuta ndiyo lugha ya mkate. Hivyo ndivyo Kiswahili nacho kilivyoenea katika kambi za wafanyakazi wa migodi ya Katanga.

Kuna neno moja linaloeleza yote. Waparaguay huiita lugha yao avañe'ẽ, lugha ya watu, kutokana na ava, mtu, na ñe'ẽ, lugha. Lakini neno ava lenyewe leo mara nyingi hutumika kumtaja mwenyeji wa asili kwa dharau. Taifa limechukua lugha na kumwacha mwenye lugha mlangoni. Linasema ñande, na wale wa ng'ambo ya mto wanasikia ore.

6. Tunajifunza nini

Kwanza, nguvu ya lugha iko nyumbani. Kiguarani kilidharauliwa, kikakatazwa, kikakosa vyeo, lakini mama hakuacha kukisema na mtoto. Kazi ya sheria ni kulinda kilichopo, tena ni kazi kubwa: mtu asihukumiwe kwa lugha asiyoielewa. Lakini tusingoje sheria ituokolee lugha ambayo sisi wenyewe tumeacha kuisema.

Pili, tunapodai nafasi ya Kiswahili mbele ya Kifaransa, na dai hilo ni la haki, tuulize pia Kiswahili kimesimama juu ya nani. Bibi yangu hunisemesha Kilega nami humjibu kwa Kiswahili, na Kifaransa hakikuwapo kabisa katika mazungumzo hayo. Katiba yetu inasema lugha nyingine za nchi ni urithi ambao Serikali inapaswa kuulinda. Sisi wa kitivo hiki tunao uwezo wa kuanza bila kungoja Serikali: kila mmoja wetu anaweza kurekodi lugha ya nyumbani kwake, maneno, hadithi, majina ya miti na ya samaki, kabla wazee hawajaondoka. Ruiz de Montoya alikuwa mgeni aliyeandika lugha ya wengine. Sisi tunaandika ya kwetu, na wanaoijua bado tunaweza kuwauliza.

Wenzangu na waalimu wangu, Kiswahili hakitulazimishi kuchagua kati ya ore na ñande. Kwa hiyo kila tunaposema "lugha zetu", uchaguzi huo tuufanye wenyewe.