Askari wa Mwili Wanapoumiza Figo

Wazazi wa Ikutha, tusidharau upele na vidonda vya watoto. Viini vikiingia kidondani au kooni, chembe nyeupe za damu, ndizo askari wetu, hutengeneza silaha za kupigana navyo. Wakati mwingine silaha hizo na mabaki ya viini hunasa kwenye vichujio vya figo. Askari wengine hukimbilia pale na kuumiza figo zenyewe. Hii hutokea wiki 1 hadi 6 baadaye, hata kidonda kikiwa kimepona. Mtoto akiamka uso umevimba, ama mkojo ni kama chai ya rangi, tusiseme amerogwa. Tumpeleke hospitali siku hiyo hiyo apimwe mkojo na presha. Wengi hupona kabisa. Maji ni shida kwetu, lakini kidonda kioshwe kwa sabuni kila siku.