Moshi wa Mazoezi ya Kijeshi: Namna Unavyosambaa Hewani
Moshi wa kuwaficha askari, hasa wenye kloridi ya zinki, hudhuru mapafu. Ili kukadiria utakakofika, wataalamu hupima kiasi cha moshi, upepo na utulivu wa hewa. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, uzito wa moshi hewani hupungua takriban nusu.

Birkat al Mauz umo chini ya Jabal Akhdar. Mchana ardhi hupata joto, moshi ukapanda na kutawanyika. Usiku mtulivu hewa baridi huteremka bondeni, moshi ukatanda chini.

Basi wenye nyumba waonapo moshi, waingie ndani, wafunge madirisha, wazime vipoza hewa vinavyovuta hewa ya nje. Aliyeuvuta apelekwe hospitali hata akijiona mzima: madhara huweza kuchelewa kwa saa kadhaa.