MPIRA WA WASICHANA: UWANJA, WAKATI NA KAMATI

Somo la vikundi



Somo hili ni la mkutano mmoja. Mmoja wenu asome kwa sauti, wengine wasikilize, kisha mjibu maswali yaliyo mwishoni. Tutafuata hatua zetu tatu tulizozizoea: Kuona, Kuamua na Kutenda.

Huenda mzee mmoja akauliza, "Mpira wahusu nini maendeleo? Si tuzungumze mbuzi na mahindi?" Tunamwomba avumilie hadi mwisho, ndipo atoe hukumu yake.

KUONA

Jioni moja tulikuwa Bofa, tumeitwa na kikundi cha akina mama. Tukapita uwanjani kama saa kumi na nusu. Wavulana walikuwa wakicheza. Kando, chini ya mnazi, walikaa wasichana kama kumi na wawili na mpira wao mmoja ulioshonwashonwa.

Tukawauliza, "Nyinyi mwangoja nini?"

Wakajibu, "Twangoja wamalize."

Wavulana walimaliza jua likizama. Wasichana wakaingia, wakacheza robo saa hivi, kisha wakaanza kuitwa nyumbani mmoja mmoja. Hapo mchezo ukaisha.

Wengine watasema, "Waende ufuoni, Bofa mchanga ni mwingi." Ni kweli, maji yakipwa ufuo ni mpana. Lakini ratiba ya bahari si ratiba ya shule. Kuna siku saa kumi jioni maji yamejaa mpaka juu, hata pa kuweka goli hapana. Na viwanja vya ndani vile vile vinapungua. Mahali watoto walipocheza mwaka juzi, leo pana ua na geti.

Katika mkutano tuliwauliza akina mama habari za wasichana wale. Tukaambiwa kwamba kipa wao, msichana wa darasa la saba, alikuwa ameacha kuja. Mama yake alikuwapo. Akasema waziwazi, "Mimi sikatai mpira. Lakini akienda uwanjani, nani atateka maji? Nani atasonga sima? Mimi natoka shambani nimechoka."

Ndugu zetu, msimlaumu mama huyu. Swali lake ni la kweli, na wengi wetu tuna swali hilo hilo moyoni.

Basi tukafanya zoezi la vijiwe. Tulichora mistari miwili mchangani, mmoja wa mvulana na mwingine wa msichana, wote wa nyumba moja na wote wanasoma. Kila mstari ukapewa vijiwe 24, kila kijiwe ni saa moja. Akina mama wenyewe wakavigawa: kulala, shule, njia, maji, kuni, jikoni, watoto wadogo, masomo ya usiku. Walipomaliza, mvulana alibakiwa na vijiwe vitatu vya kucheza. Msichana hakubakiwa na hata kimoja. Watu walinyamaza kidogo. Halafu mama mmoja mzee akasema, "Kumbe si kwamba hapendi kucheza. Ni sisi tumemaliza siku yake."

KUAMUA

Sasa tutazame wenzetu, wa mbali na wa karibu, tuone ni nini kinachofanya timu ya wasichana isimame au ianguke.

1. Uwanja

Huko Uingereza, mwaka 1920, wakati wa Krismasi, watu kama 53,000 walijaa uwanjani mjini Liverpool kutazama wanawake wakicheza mpira. Mwaka uliofuata, Desemba 1921, chama cha mpira cha huko kikaamua kwamba mchezo huo hauwafai wanawake. Hakikuwakamata wala kuwatoza faini. Kilifanya jambo moja tu: kilizikataza klabu zake kuwapa wanawake viwanja. Marufuku hiyo ilidumu karibu miaka 50, na mpira wa wanawake ukadidimia. Angalieni basi! Kuua timu si lazima upige mtu. Nyima uwanja, yatosha.

Sasa tazameni nchi ya Iceland. Ni kisiwa cha baridi kali kaskazini mwa Ulaya, na watu wake hawafiki 400,000. Sisi hapa Kaunti ya Kilifi, katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, tulikuwa zaidi ya 1,450,000. Yaani kaunti yetu peke yake ina watu zaidi ya mara tatu ya nchi ile. Lakini timu yao ya taifa ya wanawake ilifika mashindano ya Ulaya mwaka 2009, miaka saba kabla ya timu yao ya wanaume. Wakaenda tena 2013, 2017, 2022 na 2025. Julai 2024 waliifunga Ujerumani 3-0 nyumbani kwao. Ujerumani, nchi ya watu zaidi ya milioni 80!

Je, wana dawa gani? Kule theluji huzuia kucheza nje miezi mingi. Kuanzia karibu mwaka 2000 walijenga viwanja vikubwa vyenye paa, na serikali za mitaa zikasaidia, ili watoto wacheze mwaka mzima. Wakafundisha makocha wengi, hata wa watoto wadogo. Na viwanja hivyo si vya wavulana peke yao. Msichana ana saa zake na kocha wake.

Hatuwaambii mjenge paa. Jua letu halina theluji. Tunasema hivi: walianza kwa kumpa mtoto mahali na saa. Vikombe vilifuata baadaye.

2. Wakati

Kenya hatukosi wachezaji. Timu yetu ya taifa ya wanawake, Harambee Starlets, ilifuzu fainali za Afrika mara ya kwanza mwaka 2016, zikachezwa Kamerun. Mechi zote tatu tulishindwa, na Ghana, Mali na Nigeria. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Mwaka 2019 Starlets walichukua kombe la Afrika Mashariki na Kati mjini Dar es Salaam, kwa kuifunga Tanzania 2-0. Mwaka 2024 wasichana wetu wa chini ya miaka 17 walikuwa timu ya kwanza ya mpira ya Kenya, ya wanaume au ya wanawake, kufika Kombe la Dunia. Huko Jamhuri ya Dominika walishindwa na Uingereza na Korea Kaskazini, kisha wakaifunga Meksiko 2-1. Na Oktoba 2025 Starlets waliishinda Gambia nyumbani na ugenini, wakafuzu tena fainali za Afrika.

Kila mmoja wa wasichana hao aliwahi kuwa na miaka kumi na miwili. Kila mmoja alikuwa na nyumba yenye maji ya kutekwa na vyombo vya kuosha. Kuna mtu nyumbani aliyesema, "Haya, nenda, lakini urudi mapema." Bila neno hilo, kipaji kinabaki jikoni.

Wala hatusemi kila msichana wa Bofa ataitwa timu ya taifa. Wengi hawataitwa. Lakini msichana aliye na wenzake kumi uwanjani ana watu watakaomwuliza, "Jana ulikuwa wapi?" Ana kocha anayejua jina lake. Amezoea kusema, "Hapana, pasi ni yangu." Twajua sote ni wasichana wangapi wa vijiji vyetu wanaoacha shule kwa mimba. Kujifunza kusema hapana ni jambo kubwa.

3. Kamati

Hapa kuna funzo chungu. Oktoba 2021 Starlets waliifunga Sudan Kusini mara mbili, 8-0 kisha 7-1. Walikuwa wakutane na Uganda mwezi Februari 2022. Lakini Novemba 2021 serikali ilikuwa imevunja uongozi wa shirikisho la mpira kwa madai ya fedha, na mvutano ukawa mkubwa. Mechi za Uganda hazikuchezwa. Uganda wakapita bila hata kupiga mpira. Mwezi huo huo FIFA ikaifungia Kenya, mpaka Novemba 2022. Wachezaji walikuwa wamefunga mabao 15, na wakabaki nyumbani kwa ugomvi usio wao. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia.

Wanakikundi, hili si la Nairobi peke yake. Ni vikundi vingapi vyetu vimekufa kwa kitabu cha fedha kisichoonekana, au kwa mwenyekiti na mweka hazina wasiosemezana?

Lakini hapa hapa Kilifi tuna mfano mwema. Tangu mwaka 2001 kuna shirika liitwalo Moving the Goalposts, lililoanzishwa na Mwingereza Sarah Forde pamoja na watu wa hapa. Wasichana wa vijijini wanacheza ligi zao. Jambo la kuangalia ni hili: wasichana wenyewe hufundishwa kuwa makocha, waamuzi, watoaji wa huduma ya kwanza na wanakamati. Hawangoji mtu aje kupuliza filimbi. Msichana aliyeongoza kamati ya mpira, akija kesho katika chama cha akina mama, hataogopa kuuliza, "Risiti iko wapi?"

Na Neno la Mungu linasemaje? Someni Zekaria 8:5. Nabii anaeleza Yerusalemu itakavyokuwa Mungu akiirudishia amani. Dalili mojawapo anayoitaja ni watoto wakicheza katika njia za mji. Na hakusema wavulana peke yao. Aliwataja wavulana na wasichana.

KUTENDA

Kikundi kile cha Bofa kiliamua mambo machache. Tunayaandika hapa pamoja na mengine tuliyojifunza kwingineko, nanyi mchague.

a) Fanyeni zoezi la vijiwe. Akina baba wawepo. Msibishane kwanza, pangeni vijiwe.

b) Gaweni siku za uwanja. Kaeni na nahodha wa wavulana na mzee wa mtaa. Kwa mfano, Jumanne na Alhamisi ziwe za wasichana, saa kumi hadi saa kumi na mbili kasorobo, wafike nyumbani kabla ya giza. Yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano na watu watie sahihi. Neno la mdomo husahaulika.

c) Gaweni kazi za nyumbani. Siku mbili hizo kaka ateke maji. Hatavunjika mkono.

d) Jueni uwanja ni wa nani. Kama ni ardhi ya umma, au ya shule, au ya mtu, mwulize chifu na ofisi ya ardhi mapema, kabla ya ua kuonekana.

e) Linda watoto. Mwanamke mzima anayeaminika awepo kila siku ya mazoezi. Kocha asibaki peke yake na msichana, wala asimpe lifti peke yake, wala asimpe zawadi za siri. Mkiona jambo baya, msilimalize nyumbani kwa mbuzi na mnazi. Mwambieni chifu au afisa wa watoto, au pigeni simu 116, ni bure.

f) Heshimuni imani ya kila nyumba. Wazazi Waislamu wakitaka binti acheze na suruali ndefu na kitambaa kichwani, acheze hivyo. Hata sheria za mpira za dunia zimeruhusu kitambaa tangu mwaka 2014.

g) Wekeni daftari la timu. Wasichana wachague mwenyekiti, katibu na mweka hazina wao. Mpira ukinunuliwa, risiti ibandikwe. Kikundi cha wazazi kikague kila mwezi.

Tuwaambie ukweli, mambo hayakwenda vizuri yote. Wavulana walikataa mwanzoni, mpaka mzee mmoja mvuvi akaja kukaa uwanjani siku ya Jumanne na kiti chake, hakusema neno. Wiki ya pili walitoka wenyewe. Na kipa yule? Amerudi, lakini Jumanne tu. Alhamisi kaka yake bado anasema maji si kazi yake. Mama anaendelea kuzungumza naye. Sisi pia tunaendelea.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu, msichana wa miaka kumi na miwili ana vijiwe vingapi vya kucheza?

2. Uwanja wa watoto wetu ni wa nani? Nani anajua kwa hakika?

3. Ni kazi gani moja ya nyumbani ambayo mvulana wetu anaweza kuanza wiki hii?

4. Je, ugomvi wa viongozi umewahi kuharibu jambo jema katika kikundi chetu? Tufanye nini usirudi tena?

5. Yule mzee aliyeuliza kuhusu mbuzi na mahindi, sasa asemaje?

Mkishajadiliana, andikeni jambo moja mtakalofanya, nani atalifanya, na lini. Jambo moja lililofanyika ni bora kuliko kumi yaliyosemwa. Mungu awabariki katika kazi zenu.