Kitambulisho Weka Mtandaoni, PIN Weka Kichwani

Ukipoteza simu leo, utapata wapi nakala ya kitambulisho na risiti zako? Ukizihifadhi Google Drive, utazifungua kwa simu nyingine yoyote. Nafasi ya bure ni GB 15, ukihesabu pia Gmail na picha.

Lakini PIN ya pesa usiiweke huko, hata kwa picha. Mwizi akishika simu iliyo wazi, Drive pia iko wazi. Atapata kitambulisho na PIN pamoja, kama sanduku na ufunguo wake.

Fanya hivi: washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha andika zile nambari 10 za akiba kwa karatasi, uiache nyumbani. Kila nambari hutumika mara moja tu. Laini ikiibwa, SMS haitakufikia, lakini karatasi itakufungulia.