Mtume alimgeuza nani uso? Somo kuhusu dada zetu wa promosheni



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu, likizo iliyopita nilirudi nyumbani Mpondwe. Anayeijua Mpondwe anajua siku ya soko ilivyo: watu wanavuka kutoka Kasindi upande wa Kongo, Kikonzo na Kiswahili vinachanganyika, mikokoteni na bodaboda zinagombania njia. Siku hiyo kampuni moja ilikuwa imesimamisha hema na spika kubwa, inauza simu na laini. Mbele ya hema waliwekwa wasichana wanne wenye fulana za kubana na sketi fupi, wakicheza muziki na kuita wateja.

Mmoja nilimtambua. Tulisoma naye madrasa moja Bwera tukiwa watoto, na kwa kuhifadhi alikuwa akitushinda wengi. Nilimwita pembeni, na bila hata salamu nikamwambia, "Dada, hivi ndivyo ulivyofundishwa?"

Akanijibu, "Sheikh, nguo hizi nimepewa asubuhi. Niliomba saizi kubwa, nikaambiwa hakuna. Tangu tufungue, wanaume wawili wamenishika kiuno wakisema tupige picha. Nilipomwambia msimamizi, akasema nitabasamu, mteja asikasirike. Wewe umewaona wale wanaume. Mbona wao hukuwaita pembeni?"

Sikuwa na jibu. Ni kweli nilikuwa nimewaona. Mmoja wao ni jirani yetu, na msikitini huswali safu ya mbele. Nilirudi chuoni na swali lile, nikalitafutia jibu katika vitabu tunavyosoma. Somo hili ndilo nililolipata.

1. Jambo hili ni kubwa kuliko soko letu

Hema la Mpondwe ni mtoto wa maonyesho makubwa ya teknolojia. Huko Marekani na Ulaya makampuni ya kompyuta, michezo ya video na magari yalizoea kwa miaka mingi kukodi wasichana wasimame karibu na bidhaa. Hawakuwekwa pale kueleza bidhaa, kwani wengi hawakufundishwa chochote kuihusu. Waliwekwa watazamwe, ili mwanamume asimame, na akishasimama auziwe.

Wenyewe wakaanza kuona aibu. Mwaka 2006 waandaaji wa maonyesho ya michezo ya video ya E3, Los Angeles, walitangaza faini kwa kampuni itakayowavalisha wasichana nusu uchi. Mwaka 2015 mkutano wa usalama wa kompyuta wa RSA, San Francisco, uliweka katika mikataba sharti kwamba wote wanaosimama kwenye vibanda wavae mavazi ya kazi. Mwaka 2018 mashindano ya magari ya Formula 1 yaliacha kabisa desturi ya kuwasimamisha wasichana kwenye mstari wa kuanzia.

Hapa Uganda, Februari 2019, Waziri wa Nchi wa Utalii, Godfrey Kiwanda, alizindua shindano la wanawake wenye maumbo makubwa na kusema wanawake hao wawe kivutio cha watalii. Wanawake wengi walipinga kwamba wanatangazwa pamoja na wanyama wa mbugani. Basi tusiseme ni mambo ya makafiri wa mbali. Yako kwetu, na Waislamu tumo: kati ya wanaoajiri, kati ya wanaotazama, na kati ya wanaopita wakilaani.

2. Hadithi ya Al-Fadhl bin Abbas (r.a.)

Hadithi hii imepokewa na Bukhari na Muslim. Katika Hija ya Kuaga, Al-Fadhl, kijana, alikuwa amepanda nyuma ya Mtume (s.a.w.) juu ya mnyama mmoja. Akaja mwanamke wa kabila la Khath'am kuuliza kama anaweza kumhijia baba yake mzee asiyeweza kukaa juu ya kipando. Al-Fadhl akawa anamtazama. Mtume (s.a.w.) akaugeuza uso wa Al-Fadhl upande mwingine, na mwanamke akamjibu swali lake: ndiyo, amhijie.

Tuzingatie mpangilio wa tukio hili. Mkono wa Mtume ulikwenda kwenye uso wa mwanamume anayetazama. Mwanamke hakufukuzwa wala hakuaibishwa mbele za watu. Alikuja na haja yake, akaondoka nayo imetimizwa.

Mimi pale sokoni nilifanya kinyume chake. Niliyaacha macho ya jirani, nikamgeukia dada.

Mpangilio huu ndio wa Qur'ani pia. Katika Suratun-Nur, aya ya 30 inawaamrisha wanaume waumini wainamishe macho na walinde tupu zao. Amri kwa wanawake, pamoja na stara, inafuata katika aya ya 31. Zote mbili ni amri za Allah, wala siandiki kupunguza hata moja. Ninachosema ni kwamba sisi vijana tumehifadhi aya ya 31 kwa niaba ya dada zetu, na aya ya 30 iliyo yetu tumeisahau.

Kuisahau kuna madhara. Mwaka 2014, baada ya Sheria ya Kupinga Ponografia kutiwa saini hapa Uganda, wanawake kadhaa walivamiwa na kuvuliwa nguo barabarani na makundi ya wanaume waliodai wanalinda maadili. Mtu anamvua mwanamke nguo hadharani, halafu anasema anatetea stara!

3. Anayepata faida ndiye anayeulizwa

Katika sura hiyo hiyo, aya ya 33, Allah (s.w.) anakataza watu kuwalazimisha wajakazi wao kufanya uchafu kwa kutafuta mali ya dunia. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Abdullah bin Ubayy, kiongozi wa wanafiki wa Madina, alikuwa akiwafanyia hivyo wajakazi wake. Mwisho wa aya unataja msamaha na rehema ya Allah baada ya kulazimishwa kwao, na wafasiri wameeleza kwamba rehema hiyo ni ya wale waliolazimishwa.

Simfananishi dada wa promosheni na mwenye kufanya uchafu, Allah atulinde. Nachukua kanuni tu: mwili wa mwanamke unapogeuzwa chombo cha biashara ya mtu mwingine, lawama ya kwanza ni ya anayevuna. Dada yule hakuchagua fulana, hakuchagua saizi, wala hakuchagua kushikwa. Alichotafuta ni ada ya chuo.

Biashara yenyewe haina aibu kwa mwanamke. Mama yetu Khadija (r.a.) alikuwa mfanyabiashara, na Mtume (s.a.w.) kabla ya utume alipeleka bidhaa zake Sham. Dada anaweza kuuza simu akiwa na hijabu yake, akaeleza betri na kamera kuliko spika yoyote.

4. Nabii Musa (a.s.) kisimani Madyan

Suratul-Qasas, aya ya 23 na 24, inatueleza wanawake wawili waliosimama kando na wanyama wao, wakiwasubiri wachungaji wamalize kunywesha. Musa (a.s.) aliwauliza wana nini. Walipomweleza kwamba baba yao ni mzee, aliwanyweshea, kisha akaenda zake kivulini. Hakuwauliza kwa nini wametoka nyumbani, wala hakuomba kitu. Huyo ni mwanamume mwenye nguvu katikati ya umati wa wanaume, na nguvu zake zilikuwa kinga.

5. Sheria ya nchi

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inakataza unyanyasaji wa kijinsia kazini, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 aweke hatua za kuuzuia. Mwaka 2023 Uganda iliridhia Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani. Mkataba huo unamhusu hata anayefanya kazi bila ajira ya kudumu, na unataka maudhi yanayotoka kwa watu wa nje, kama wateja, yazingatiwe. Basi neno la msimamizi, "tabasamu, mteja asikasirike", halina nguvu mbele ya sheria wala mbele ya dini.

6. Tufanye nini?

Kwanza, tuinamishe macho, na tumzuie mwenzetu anayeshika. Pili, jumuiya yetu inapokaribisha wafadhili katika hafla zake, tuweke sharti la mavazi ya heshima na malipo kwa wakati. Tatu, ndugu atakayeajiriwa masoko na matangazo asiogope kusema neno. Nne, tukitaka kumnasihi dada, tuanze kwa salamu, na tumuulize kwanza ana nini, kama Musa (a.s.) alivyouliza.

Yule jirani nilimfuata baada ya Isha. Ni mkubwa kwangu, nikamwambia kwa adabu nilichokiona. Alikasirika, na mpaka leo salamu yake ni nzito. Dada nilimwomba msamaha. Akanisamehe, akaniambia ameshaacha kazi ile, na posho ya siku mbili za mwisho hajalipwa. Nikakumbuka Hadithi Qudsi aliyoipokea Bukhari, kwamba Allah mwenyewe atakuwa hasimu wa anayemfanyisha mtu kazi kisha asimpe ujira wake.

Maswali ya darasa

1. Taja mambo matatu aliyoyafanya Mtume (s.a.w.) katika hadithi ya Al-Fadhl, na mambo mawili ambayo hakuyafanya.
2. Je, lawama ya mwajiri inaondoa wajibu wa dada kuhusu stara? Jadilini kwa kutumia aya za 30, 31 na 33 za Suratun-Nur.
3. Mara ya mwisho ulipoona dada akisumbuliwa, ulimgeukia nani?

Allah atujaalie macho yenye haya na ndimi zenye uadilifu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.