Mtoto Asiyesema: Acheni Kulaumiana



Kuna ugomvi unaoingia katika nyumba nyingi za Kitui na Makueni mtoto anapotimiza miaka mitatu bila kusema. Baba humwuliza mama, "Kwenu kuna bubu?" Mama naye humkumbuka shangazi wa mumewe ambaye hakuolewa. Mama mkwe asema ni uchawi, na fedha za karo zaenda kwa mganga. Mwishowe mke arudi kwao na mtoto mgongoni.

Lawama hii haiko Ukambani peke yake. Mwaka 1967, huko Marekani, Bruno Bettelheim alitoa kitabu kilichodai kwamba usonji husababishwa na mama asiyempenda mtoto wake. Akina mama wengi waliumizwa na uongo huo. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter waliwachunguza mapacha nchini Uingereza, wakaonyesha kwamba hali hii ni ya kuzaliwa nayo. Basi, bwana, mkeo hana kesi ya kujibu. Wala wewe huna.

Kwanza mtoto apimwe masikio, maana asiyesikia hawezi kuiga maneno. Kisha ulizeni katika ofisi ya elimu ya eneo lenu kuhusu kituo cha tathmini, EARC. Vituo hivi vilianza mwaka 1984. Wataalamu wa usemi na lugha ni wachache na wengi wao wako mijini, kwa hiyo kazi kubwa itakuwa yenu nyumbani.

Zamani mtoto wa namna hii alishikwa kidevu, "Niangalie!", au akanyimwa maziwa hadi aseme "maziwa". Siku hizi wataalamu wengi wameacha. Kuna watoto ambao kutazamwa machoni huwasumbua kama jua la mchana. Akigeuza uso, huenda ndipo anaposikiliza. Na anayenyimwa chakula hujifunza kuogopa meza. Kazi ya mtaalamu si kumfanya afanane na mtoto wa jirani. Ni kumsaidia aeleweke, na ninyi pia mjifunze kumwelewa.

Wengine hurudia maneno kama kasuku. Msimkemee. Tangu miaka ya 1980 Barry Prizant na wenzake walionyesha kwamba marudio hayo mara nyingi yana maana. Mtoto asemapo "habari kamili" kila jioni, huenda anaomba redio iwashwe. Mjibuni, "Unataka redio. Haya, tuwashe."

Kwa asiye na neno hata moja, chukueni kiondo. Tieni kikombe cha maji, kijiko cha chakula, leso ya kutokea. Akitoa kikombe, apewe maji hapo hapo, bila mtihani. Huko Kilifi watafiti wamewafundisha wazazi nyumbani kwao kuzungumza na watoto kwa njia zisizo za sauti. Wengi huogopa kwamba vitu na picha vitamfanya mvivu wa kusema. Mwaka 2006 Millar, Light na Schlosser walipitia tafiti za namna hii. Katika watu 27 waliofuatiliwa vizuri zaidi, hakuna aliyepungukiwa na usemi, na wengi waliongeza. Hata Zakaria aliandika jina la mwanawe kwenye kibao kabla ulimi haujafunguka.

Msiache Kikamba kwa kuambiwa kwamba lugha mbili zitamchanganya. Utafiti wa Hambly na Fombonne wa mwaka 2012 nchini Kanada haukuona kwamba watoto wenye usonji wanaokua na lugha mbili huchelewa zaidi. Mtoto aliyefungiwa Kiingereza kitupu atazungumza nini na nyanya yake wakati wa kuchambua ndengu?

Lakini kiondo hakisaidii ikiwa mama peke yake ndiye anayekielewa. Siku akilazwa hospitali, mtoto atakuwa bubu kweli ndani ya nyumba ya baba yake. Kwa hiyo wiki hii kila mmoja wenu awe na daftari. Andikeni kila kitu mtoto alichoomba bila kusema: alivyowavuta mkono, alivyosimama penye mtungi, alivyolia sauti ilipopanda. Jumapili jioni, baada ya chakula, linganisheni. Baba, ukikuta daftari lako ni tupu, wiki inayofuata wewe ndiye utakayemwogesha na kumlisha.