Wakwe wa Bologna na ratiba ya siku tano

Barua imetoka Tinde, mkoani Shinyanga, na mwandishi wake amejiita Mama wa Njia Panda. Binti yake ameolewa Bologna, Italia, na Juni wazazi wa mumewe wanakuja Tanzania kwa mara ya kwanza. Watatua Mwanza kwa ndege ya kutoka Dar es Salaam, watakaa siku tano kisha warudi kwao. Binti ametuma ratiba kwa simu: Jumatatu mgodi wa dhahabu Geita, Jumanne Mwanza na kisiwa cha Saanane, Jumatano Serengeti, Alhamisi almasi za Mwadui, Ijumaa Tabora kuona nyumba aliyokaa Livingstone. Kila jioni wageni warudi kulala Tinde.

Mama amesema haiwezekani, akapendekeza wageni wapangiwe hoteli Mwanza. Mumewe amekuja juu. Wakwe hawawezi kulala hotelini, anasema, na yeye yuko hai na nyumba yake ina vyumba. Tangu siku hiyo salamu za asubuhi zimekuwa fupi, na mama anauliza amfuate nani: mume au binti.

Binti asilaumiwe. Kwa mtu anayeishi Bologna, ratiba ya namna hiyo ni jambo la kawaida. Reli za kaskazini na kusini mwa Italia hukutana katika mji huo. Treni ya kasi hufika Firenze kwa chini ya dakika 40, Modena ni kama nusu saa, Ravenna ni saa moja na ushee. Mgeni hulala kitanda kimoja wiki nzima, asubuhi anaondoka, jioni amerudi kula. Alichofanya binti ni kuichukua desturi hiyo na kuitandaza juu ya ramani ya Kanda ya Ziwa.

Na ramani yenyewe imemponza. Tinde nayo ni makutano: barabara ya kutoka Nzega hugawanyika pale, moja ikielekea Shinyanga na Mwanza, nyingine Isaka, Kahama na mpaka wa Rusumo. Malori ya Rwanda, Burundi na Kongo hupita usiku na mchana. Lakini Tinde hadi Mwanza ni karibu kilomita 200. Kwa basi, ukiweka kusubiri abiria Shinyanga mjini na kusimamishwa na trafiki, hizo ni saa tatu na zaidi, na kurudi ni vilevile. Lango la Ndabaka, ambalo ndilo mlango wa Serengeti upande wa ziwa, liko mbele ya Mwanza kwa kilomita nyingine kama 140. Mtu akitaka kwenda Serengeti na kurudi Tinde siku hiyohiyo atakula karibu kilomita 700 barabarani na ataona nyumbu wachache kuliko matuta ya barabarani. Wakwe hao ni wastaafu, barua yenyewe inasema.

Kwa hiyo mama yuko sahihi kuhusu Mwanza. Ila hata mumewe yuko sahihi, na hapa safu hii inamwomba mama aisome tena ratiba aliyotumiwa. Katika siku zote tano, Tinde imetajwa kama mahali pa kulala tu. Hakuna mchana hata mmoja ambao wakwe wamepangiwa kukaa na wakwe wenzao. Mzee hajaligombea suala la hoteli kwa ubishi. Ameona kwamba kwake pamegeuzwa gesti, na sasa hata ugesti wenyewe anataka kunyang'anywa. Mama naye, kwa jinsi alivyoandika, anaonekana kuamini kwamba Tinde hakuna cha kumwonyesha Mtaliano. Hapo ndipo anapokosea.

Juni mpunga unavunwa majarubani na pamba iko kwenye mizani, kwa kuwa msimu wa kuinunua huanza Mei. Wageni waende kwenye chama cha msingi waone pamba ikipimwa na wakulima wakibishana na karani juu ya kilo. Waonyeshwe ngitili, malisho ambayo Wasukuma huyafunga ili yastawi kisha huyafungua kiangazi ng'ombe wanapokosa majani. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, katika mkoa ambao ulikuwa umekatwa miti hadi kuitwa jangwa. Mradi ulifanikiwa baada ya kuegemea desturi hiyo ya wenyeji, na mwaka 2002 ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Watu hutoka vyuo vya mbali kuja kuangalia ngitili. Baba mwenye nyumba, kama ana ya kwake au anamjua jirani mwenye nayo, ndiye mwongozaji bora kuliko yeyote atakayekodiwa Mwanza.

Chakula pia. Mama asihangaike kutafuta tambi. Michembe iliyochemshwa na karanga za kusaga ikaiva mpaka rojo ikashika mwiko, ikaletwa na maziwa ya mgando kwenye kibuyu, hiyo Bologna hawana, na ule ni mji unaojivunia kula kuliko miji mingi ya Italia.

Basi mpango uwe hivi. Siku ya kutua, wazee wote wawili wa Tinde wawe uwanjani Mwanza na gari la kukodi. Gari la abiria la mchomoko lisiwepo kwenye mazungumzo. Wakwe hawabanwi wanne kiti cha nyuma. Safari iende moja kwa moja Tinde, walale usiku mbili, na siku nzima iliyo katikati iwe ya nyumbani. Asubuhi ya siku ya tatu familia yote ihamie Mwanza, mzee akiwemo. Akiwa mbele ya msafara, yeye ndiye anayewapeleka wakwe hotelini, hajanyang'anywa wageni. Gharama ya vyumba iwekwe wazi mapema na binti na mumewe, maana ndio waliotaka matembezi.

Njiani watapita Maganzo, na hapo Mwadui imeshapatikana bila kupoteza siku. Mgodi wenyewe uko ndani ya uzio na hauingiliki bila kibali kilichoombwa mapema, ila hadithi yake inatosha kusimuliwa garini. Mkanada John Williamson aligundua almasi pale mwaka 1940, na mwaka 1947 jiwe la waridi la karati 54.5 lilitolewa zawadi ya arusi kwa Elizabeth, aliyekuja kuwa Malkia wa Uingereza. Onyo moja: pale stendi akitokea kijana mwenye kijiwe ndani ya karatasi, wakwe wasiguse. Biashara ya madini bila leseni ni kosa, na mgeni mwenye jiwe mfukoni ataulizwa maswali uwanja wa ndege.

Kutoka Mwanza matembezi ya siku moja yanawezekana kweli. Saanane ni dakika chache kwa boti. Ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2013 na ndiyo ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18, yaani nusu siku inatosha. Wazee wa Tinde wabebe vitambulisho vya NIDA ili walipe kiwango cha raia. Mchana waende Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Kanisa la pale limejengwa kwa umbo la msonge. Ikiwa safari itaangukia sikukuu ya Ekaristi watakuta tamasha la Bulabo, vikundi vya Bagika na Bagalu vikishindana kwa ngoma, na hapo Saanane isubiri.

Serengeti ipewe siku yake, na iwe moja tu. Watoke Mwanza saa kumi na moja alfajiri kwa gari la kampuni ya utalii, waingie Ndabaka mapema, watoke kabla ya saa kumi na mbili jioni. Juni nyumbu wengi huwa upande huo wa magharibi, kuelekea mto Grumeti.

Geita iondolewe. Mgodi mkubwa uliofunguliwa mwaka 2000 ni eneo la kazi lenye ulinzi, na kuchungulia kifusi ukiwa nje ya uzio si utalii. Badala yake, siku ya mwisho kama kuna nafasi, wavuke Daraja la Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lililofunguliwa Juni 2025. Mama mwenyewe bila shaka anakumbuka foleni za kivuko. Wale sato ng'ambo, warudi. Tabora nayo isubiri safari nyingine. Tembe la Livingstone limekuwepo Kwihara tangu karne ya 19.

Lipo jambo ambalo binti anapaswa kuwaambia kabla hawajafunga mabegi: Ziwa Victoria lina kichocho. Wataliano wakiona maji mwezi Juni hutaka kuogelea. Waangalie tu. Na dawa za kinga ya malaria waanze huko kwao kama daktari atakavyowaelekeza.

Mama wa Njia Panda amwonyeshe mumewe mpango huu kabla ya kumwonyesha binti. Akikubali, mzee mwenyewe apige simu Bologna, na ampigie binti wiki hii, kwa kuwa tiketi ya kurudi haijakatwa: ndege ya kuondoka Mwanza iwe ya mchana, si ya alfajiri.